Kona ya sala katika nyumba yenye dini zaidi ya moja: namna ya kuitengeneza

Mama alipofariki tulikuta rozari yake kwenye droo ya kitanda, imejisokota na tasbihi ya baba. Ilituchukua muda kuzitenganisha bila kukata uzi. Baba alihesabu punje zake zikafika 99, akanikabidhi mimi ile ya mama, kisha akasema, "Miaka yote hii zimekuwa zikilala pamoja."

Baba yangu ni Mwislamu wa Pangani. Mama alikuwa Mkatoliki wa Kibosho, mtu wa parokia na jumuiya. Walifunga ndoa bomani. Katika watoto watatu, kaka alifuata dini ya baba, mimi nikafuata kanisa la mama, na mdogo wetu ameokoka. Baada ya arobaini kila mmoja wetu alitaka mahali pa kukaa na Mungu kwa ajili ya mama, na chumba kilichobaki wazi kilikuwa kimoja. Tukatengeneza kona ya sala. Tulikosea mara mbili tatu, tukarekebisha. Tangu hapo nimezisaidia familia nyingine chache zenye hali kama yetu, na haya ndiyo ninayowaambia.

Kabla ya hatua yoyote, elewaneni juu ya jambo hili: kazi yenu ni kuziweka imani jirani, na si kuzikoroga. Bakuli likitiwa kidogo cha kila dini halimshibishi mtu yeyote, na mara nyingi linamuumiza yule aliye na imani zaidi. Oktoba 27, 1986, Papa Yohane Paulo wa Pili aliwaalika viongozi wa dini mbalimbali mjini Assisi, Italia, na maelezo yaliyotolewa yalikuwa kwamba wamekuja pamoja ili wasali, si kwamba wamekuja kusali sala moja. Kule Japani kuna nyumba zenye kamidana, rafu ya Shinto inayokaa juu ukutani, na humo humo kuna butsudan, kabati la Kibudha la kuwakumbuka marehemu wa familia. Vyote viwili ni vya familia hiyo hiyo, lakini kila kimoja kina mahali pake, na desturi inazuia visiwekwe vikitazamana. Busara hiyo inatufaa na sisi.

Hatua ya kwanza: kaeni chini kabla hamjanunua kitu

Kosa letu la kwanza lilikuwa langu. Niliona huruma ikanizidi, nikaweka meza, nikatandika kitambaa cheupe, nikasimamisha sanamu ya Bikira Maria, kando yake nikauweka Msahafu wa baba, nikawasha mshumaa. Niliona nimefanya jambo zuri. Kaka alipoingia alisimama mlangoni, akauchukua Msahafu taratibu, akatoka nao bila kusema neno. Siku ile ndipo nilipojifunza kwamba kona ya familia haitengenezwi na mtu mmoja, hata awe na nia njema namna gani.

Iteni kikao, ikiwezekana baada ya chakula, watu wakiwa wametulia. Kila mtu ataje vitu viwili tu: kimoja anachotaka kiwepo, na kimoja ambacho hawezi kusali kikiwa mbele yake. Andikeni. Msibishane kuhusu dini ya nani ni ya kweli, maana kikao hicho hakina mwisho. Kwetu majibu yalikuwa haya. Baba alitaka sehemu safi ya kutandika mswala, na hakutaka picha wala sanamu mbele ya uso wake anaposwali. Kaka alitaka Msahafu ukae juu ya kila kitu, na pombe ya aina yoyote isiingie. Mimi nilitaka msalaba wa mama na picha yake. Mdogo wangu alitaka Biblia iliyofunguliwa, na alisema wazi kwamba hatapiga magoti mbele ya sanamu wala hatamwombea marehemu, kwa sababu kanisa lake halifundishi hivyo. Atamshukuru Mungu kwa maisha ya mama, basi.

Utaona kwamba "sitaki" za watu ndizo zinazochora ramani. Ziheshimuni hizo kwanza. "Nataka" zitapata nafasi zenyewe.

Kama kuna mzee nyumbani, ama baba, ama bibi, ama mama mkubwa, mpeni nafasi ya kuzungumza mwisho. Akizungumza mwanzo, wadogo wote wataitikia na hamtajua walichokuwa nacho moyoni.

Mkiwa na shaka kuhusu hukumu ya dini, kila mmoja amwendee mwalimu wake: padre, sheikhe, mchungaji, mzee wa ukoo. Wako watakaokataa jambo hili kabisa. Msikilizeni, mrudi nyumbani mkaamue. Asiyeridhika asilazimishwe kushiriki, na asionekane amekosa upendo.

Hatua ya pili: chagueni jina

Hili linaonekana dogo, lakini liliondoa nusu ya ugomvi wetu. Nilikuwa nikisema "madhabahu". Baba akanikumbusha kwamba neno hilo asili yake ni Kiarabu, mahali pa kuchinjia, na akauliza ni nani atachinjwa chumbani kwa mama. Wakatoliki wenzangu hulisema neno altare, na kwao altare ni ya kanisani, inapoadhimishwa Misa. Wengine wakisikia habari ya mahali pa kuwakumbuka wazee wanafikiri mzimu, na neno hilo kwa majirani lina kelele nyingi. Tukakubaliana "kona ya dua". Wakristo nao husema dua, hakuna aliyekwazika. Nanyi tafuteni neno ambalo kila mtu wa nyumba hiyo anaweza kulitamka mbele ya mgeni bila kuona haya.

Hatua ya tatu: mahali na mwelekeo

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo bahati ya kuishi pwani ya Afrika Mashariki inapoonekana.

Mwislamu anaposwali huelekea kibla, yaani Kaaba iliyoko Makka. Makka iko karibu juu yetu kabisa kwenye ramani. Ukiwa Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar au Mombasa, kibla ni kaskazini, tofauti haifiki hata digrii chache. Ndiyo maana katika Kiswahili cha pwani wazee hutumia neno kibla kwa maana ya kaskazini yenyewe. Nairobi inakwenda mashariki kidogo, kama digrii 7 kutoka kaskazini. Bujumbura imezidi, kama digrii 22. Ndugu zetu walioko Muscat wao huelekea karibu magharibi kamili, na walioko London huelekea kusini-mashariki.

Wakristo nao, tangu karne za mwanzo, walikuwa na desturi ya kusali wakielekea mashariki, jua linakochomoza, na makanisa mengi ya zamani yalijengwa hivyo. Siku hizi wengi hawashiki sana desturi hiyo, lakini ipo na ni nzuri.

Sasa tazama: kaskazini na mashariki ni kuta mbili zinazokutana pembeni. Kwa nyumba ya Dar es Salaam au Mombasa iliyojengwa kufuata dira, kona ya kaskazini-mashariki ya chumba ni kama imeandaliwa. Ukuta wa kaskazini unabaki mtupu, hauna picha, hauna saa yenye mapambo, hauna kitu. Chini yake unatandikwa mswala. Ukuta wa mashariki unabeba msalaba na picha. Anayeswali kuelekea kibla, msalaba uko upande wake wa kulia na hauko mbele yake. Anayesali rozari anakaa akitazama mashariki, na Msahafu hauko mgongoni kwake. Palepale kuta zinapokutana ndipo panapowekwa rafu ndogo ya vitu vya wote. Hakuna aliyempa mwenzake kisogo.

Nyumba yenu ikiwa imekaa mshazari, usihangaike kuulazimisha ukuta. Tafuteni kibla kwanza kwa sababu ndiyo isiyobadilika, mswala utandikwe hivyo hata kama utakaa upande, kisha mengine yafuate.

Kutafuta kibla kwa simu kunafaa, ila dira ya simu hudanganywa na nondo za ukutani, friji na bati. Pima nje, uwanjani, kisha uingie ndani na mwelekeo wako. Iko njia ya kale isiyohitaji simu. Mara mbili kwa mwaka jua hupita juu ya Kaaba kabisa: karibu na Mei 27 au 28, saa 6 na dakika 18 mchana, na karibu na Julai 15 au 16, saa 6 na dakika 27 mchana. Saa ya Makka na saa ya Tanzania, Kenya na Uganda ni moja, kwa hiyo huna haja ya kugeuza hesabu. Dakika hiyo simamisha kijiti wima juani. Kivuli kitaangukia upande ulio kinyume na kibla. Ukifuata mstari wa kivuli kurudi kwenye kijiti na kuendelea mbele, huko ndiko. Baba alituita sote uwanjani Mei ile, tukapiga mstari wa chaki sakafuni hadi mlangoni. Mdogo wangu aliyeokoka ndiye aliyeshika kijiti.

Mambo mengine ya mahali ni ya kawaida. Pasiwe njia ya kupita watu, kwa sababu kupita mbele ya anayeswali ni kumkosea adabu. Pasipakane na choo. Pawe na dirisha karibu. Pasiwe mbele ya televisheni. Kama nyumba ni chumba kimoja na sebule, pazia la kuvuta linatosha.

Hatua ya nne: rafu

Nyumba za mawe za Lamu zina vidaka, vile vishubaka vilivyochongwa katika chokaa ya ukuta wa chumba cha ndani, ambamo watu waliweka sahani za Kichina na vitu vyao vya thamani. Nilipoviona nilitamani ukuta wangu uwe na vitatu tu. Mwenye nyumba yake mwenyewe na fundi mzuri anaweza kuacha kishubaka wakati wa ujenzi, na hakuna rafu itakayokishinda.

Sisi tulitumia mbao. Fundi seremala alitutengenezea rafu mbili za mninga, unene wa inchi moja, upana wa sentimeta 25, za kukaa pembeni zikiwa zimekatwa pembetatu. Ya juu ni ya Msahafu peke yake. Ya chini ni ya vitu vya pamoja. Mninga ni ghali, lakini mchwa hauupendi kama wanavyopenda mbao laini, na hewa ya chumvi haiukunji upesi. Pimeni kimo mkiwa mmeketi, kwa kuwa wazee wengi husali wakiwa kwenye kiti na wengine huketi mkekani. Rafu ya chini kwetu iko sentimeta 90 kutoka sakafuni. Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta atumie meza ndogo ya pembeni, na Msahafu ukae kwenye marufaa juu ya kabati refu.

Chini tulitandika mkeka wa ukindu. Mswala haubaki umetandikwa. Unakunjwa na kuwekwa kikapuni mpaka utakapohitajika, ili mtu asiukanyage kwa viatu.

Hatua ya tano: vitu, na kwa nini vichache

Kona iliyojaa ni duka. Jipangieni idadi, kwa mfano kitu kimoja kwa kila mtu na vitatu vya wote, kisha msimame hapo.

Msahafu ukae juu kuliko vyote, umefungwa katika kitambaa safi, na kisiwekwe kitu juu yake, hata miwani. Asiye na udhu asiushike. Kama nyumba ina watoto na wageni wa dini nyingine wanaopenda kusoma, wekeni kando tafsiri ya Kiswahili, hiyo masharti yake ni mepesi zaidi.

Biblia ya mdogo wangu iko rafu ya chini, imefunguliwa kwenye Zaburi. Alichagua mwenyewe. Waislamu wanaiamini Zaburi kuwa kitabu alichoteremshiwa Nabii Daudi, ingawa wana maelezo yao juu ya kilichobaki leo mikononi mwa watu, kwa hiyo hata kaka akipita hapo hajioni mgeni.

Msalaba na picha ya mama viko ukuta wa mashariki. Sanamu ya Bikira Maria niliihamishia chumbani kwangu. Nilisita sana, nakiri, maana ilikuwa ya mama tangu usichana wake. Lakini Maria hakuondoka kwenye kona. Sura ya 19 ya Qurani inaitwa kwa jina lake, Maryam, na katika sura ya tatu, aya ya 37, inasimuliwa kwamba kila Zakaria alipoingia kwake katika mihrabu, mahali pake pa ibada, alimkuta na riziki, akamuuliza imetoka wapi, naye akajibu kwamba imetoka kwa Mwenyezi Mungu. Kule Uturuki maneno ya aya hiyo huandikwa juu ya mihrabu za misikiti mingi. Kaka ndiye aliyenisomea. Nilikuwa nimeishi naye miaka thelathini na nane bila kujua kwamba anaijua habari ya Maria kwa moyo.

Kitambaa cha rafu ya chini ni kanga ya mama. Kanga ina pindo, mji na jina. Tuliikunja ili jina lionekane upande wa mbele: Mungu hamtupi mja wake. Kama marehemu wenu aliacha kanga au leso, itumieni hiyo kabla ya kununua kitambaa chochote. Ifueni kwa mkono, kivulini, rangi isipauke.

Maji. Wekeni bakuli moja la maji ya kawaida, ya wote, yabadilishwe kila asubuhi. Yaliyotoka yamwagiwe mmea. Maji ya baraka kutoka parokiani yakae katika chupa yake, na zamzam, maji ya kisima cha Makka, katika yake, zote zimeandikwa. Msiyachanganye. Yamebarikiwa kwa njia tofauti na watu tofauti, na kila mmoja ana haki ya kujua anachokunywa au kujinyunyizia.

Maua ni jambo ambalo pwani haihitaji kufundishwa. Asumini, rihani, mlangilangi, vyote vinakubalika kwa kila dini niliyoitaja. Yawe mabichi, yatolewe yakinyauka.

Na wazee? Hapa nitasema kwa kirefu kidogo.

Upande wa mama ni Wachaga. Kwao jani la isale ni la amani na msamaha. Mtu akikukosea akakujia na isale mkononi, si rahisi kumfukuza. Hupandwa mipakani mwa kihamba, yaani shamba la ukoo, na penye makaburi ya wazee. Nilitaka pia pawe na mbege, kidogo tu kwenye kibuyu, kwa ajili ya bibi na babu. Kaka alishasema hataki pombe. Nikampigia simu mjomba, nikidhani ataniunga mkono. Akaniambia: "Mwanangu, mbege humwagwa kihambani, walipolala wenyewe. Huko Dar utammwagia nani, vigae?" Kwa hiyo mbege ilibaki Kibosho, na tukienda Desemba mjomba hufanya yanayompasa akiwa na wanaoamini. Kwenye kona kuna mche wa isale ndani ya chungu, kando ya dirisha. Mche huu hauhitaji jua kali, unamwagiliwa mara moja kwa wiki, na hakuna aliyeukataa, hata mdogo wangu, kwa sababu ni mmea tu kwa asiyeujua na ni msamaha kwa anayeujua.

Nawasihi kwa hiyo: tambiko lina mahali pake, lina siku yake na lina watu wake. Ulizeni wazee wa ukoo kabla ya kulihamishia mjini. Mara nyingi watakupeni kitu kidogo cha kuchukua, na hicho kinatosha.

Pia msichukue vitu vitakatifu vya watu wengine kwa kuwa vinapendeza. Nimeona picha za nyumba za Ulaya na Marekani zenye vigango vya Wamijikenda, zile nguzo za mbao za kumkumbuka marehemu, vimesimamishwa sebuleni. Kigango huchongwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mtu wa heshima, mwanachama wa gohu, chama cha wazee wenye heshima, na husimamishwa hapo abaki. Vingi viliibwa na kuuzwa nje hadi vikafika kwenye makumbusho ya Marekani, na baadhi vimerudishwa Kenya baada ya madai ya miaka mingi. Kuna familia iliyoachwa ikimtafuta mzee wake. Kitu ambacho hamkurithi wala hamkupewa na wenyewe, kiacheni.

Hatua ya sita: moto na moshi

Ubani ni kitu kilichonifurahisha kuliko vyote, kwa kuwa hapakuwa na haja ya kujadili. Baba huufukiza usiku wa kuamkia Ijumaa, nami nimekua nikiunusa kanisani kwenye chetezo. Unatoka miti ile ile ya Somalia na Dhofar, kule Oman, na umevuka bahari kuja kwetu kwa majahazi tangu zamani. Chetezo cha udongo kinatosha kwa wote wawili. Mdogo wangu aliomba tu tusiufukize akiwa na watoto wake, mmoja ana pumu. Hilo si suala la dini na halikujadiliwa.

Masharti ya usalama yafuatwe kama yalivyo. Chetezo kikae juu ya sahani pana yenye mchanga. Kaa liwekwe likiwa jekundu kabisa, si la kutoa moshi wake lenyewe. Dirisha liwe wazi muda wote, kwa sababu hewa ya mkaa unaowaka huua bila kunuka, na chumba kilichofungwa si mahali pake. Msilale kaa likiwa bado hai. Mishumaa iwe ndani ya glasi nzito, mbali na pazia na mbali zaidi na chandarua, ambacho hushika moto kwa sekunde. Msitoke chumbani mkaacha mshumaa. Kama kuna watoto wadogo au mzee anayesahau, tumieni taa ndogo ya betri. Mungu haoni upungufu hapo.

Hatua ya saba: kusali

Msitunge sala mpya ya kuchanganya. Tulijaribu mara moja, kila sentensi ikawa na mtu aliyeinyamazia.

Tunachofanya sasa, Jumapili jioni, ni hiki. Tunakaa mkekani dakika kama kumi kimya. Kisha kila mmoja anasali sala yake kwa lugha yake, kwa sauti, wengine wanasikiliza. Baba anasoma Fatiha na kumwombea mama rehema. Mimi nasema fumbo moja la rozari. Mdogo wangu anasoma zaburi na kushukuru. Anayetaka kuitikia "Amina" anaitikia. Asiyetaka ananyamaza, na hatumwangalii usoni. Wengine wa Tanzania mtakuwa mmezoea jambo hili bila kulitafakari: kwenye shughuli za kitaifa sheikhe huomba, kisha askofu, kisha mchungaji, na watu husimama kwa wote.

Siku nyingine kona ni ya yule aliyemo. Anayeingia akimkuta mwenzake anasubiri nje.

Majirani watauliza. Katika mitaa yetu, chumba chenye ubani, maji na mmea kinaweza kuzaa maneno ya uchawi kwa wiki moja. Dawa yake ni uwazi: mlango usifungwe kwa kufuli, kusiwe na kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cheusi au kuzikwa chini ya sakafu, na mgeni akitaka kuona aoneshwe. Akija mtu kuwaambia kona yenu ina kasoro na yeye ataitengeneza kwa fedha kidogo, mpeni chai na mumsindikize.

Kutunza kona mwaka mzima

Vumbi lifutwe kila Jumamosi, na zamu iwe ya wote. Anayefuta asihamishe cha mwenzake bila kumwambia. Msahafu husogezwa na baba au kaka tu.

Mapambo hubadilika kwa majira. Upande wangu naweka utepe mdogo chini ya msalaba: zambarau wakati wa Majilio na Kwaresima, mweupe kwa Noeli na Pasaka, mwekundu Pentekoste, kijani siku za kawaida. Ramadhani tunaondoa maua mengi, tunaweka tende kwenye sahani kwa ajili ya futari, na asiyefunga hali chumbani humo mchana. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo miezi hii huzunguka, na mara nyingine hukutana. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu ilikuwa Machi 5, siku chache tu baada ya Ramadhani kuanza, na kwa wiki kadhaa tulikuwa tunafunga wanne kati ya watano nyumbani, kila mmoja kwa namna yake. Novemba 2, Siku ya Marehemu Wote, picha ya mama inapata maua mapya. Hitima yake husomwa kwa tarehe aliyofariki, kwa uamuzi wa baba mwenyewe.

Vitu vitakatifu vikichakaa havitupwi jalalani. Kurasa za Msahafu zilizochanika hupelekwa msikitini, au huzikwa mahali pasipokanyagwa, au huchomwa kwa heshima. Rozari iliyokatika na sanamu iliyovunjika huzikwa au huchomwa vivyo hivyo. Matawi ya Jumapili ya Matawi, ambayo mimi huyachomeka nyuma ya msalaba, hurudishwa parokiani kabla ya Kwaresima inayofuata yakachomwe kwa ajili ya majivu. Mimi huwa nasahau. Baba, akiwa kwenye kiti chake cha kuswalia, ndiye huyaona yamekauka upande wake wa kulia na kuniita: "Mama, matawi yako yamefika siku zake."